Dawa ya Farasi na Neno la Mtani

Kwetu Unyamwezi, Mzaramo akija mbio kukwambia nyumba yako inaungua, unamwambia akuongezee kuni. Ndivyo tulivyolelewa. Utani wetu na wao ulianza zamani za misafara, babu zetu walipobeba pembe za ndovu mpaka Bagamoyo wakapita kwao na njaa na mabega yaliyochubuka. Wakaibiana chakula, wakapigana, wakazikana, mwisho wakaona afadhali wacheke. Mtani anaweza kuchukua kuku wako bila kuomba. Anaweza kumwita mama yako fisi mbele ya wakwe zako. Ukinuna, mwenye makosa ni wewe, na faini utatoa. Nayasema haya mwanzo kabisa kwa sababu wajukuu zangu nikiwasimulia habari ya mguu wa mume wangu huniuliza, "Bibi, mbona hamkumsikiliza yule mtu?" Wananitia hasira. Kusikiliza tulisikiliza sana.

Mume wangu, Lugembe, alikuwa mrina asali. Tulikaa upande wa Ulyankulu, kijiji kimoja karibu na njia ile ya zamani iendayo Ujiji, na ilikuwa miaka michache baada ya vita vya Hitla. Mizinga yake ilining'inia juu kabisa kwenye miti mirefu ya porini, huko ambako ukitazama juu kofia inaanguka. Alipanda kwa kamba na miguu mitupu, moshi mkono mmoja, akiimba nyimbo za kanisa, maana sisi ni Wamoravian. Watu walisema nyuki wanamjua. Upuuzi, nyuki hawamjui mtu. Alikuwa na miguu inayojua mti, basi. Nguo zetu, chumvi yetu, jembe tulilolimia, vyote vilitoka juu ya miti ile. Na zaidi ya hayo alipenda kazi yenyewe. Akishuka huko juu alikuwa na uso wa mtu aliyetoka kwenye harusi.

Mtani wetu alikuwa Mussa, Mzaramo wa Kisarawe, dresa katika hospitali ya mjini Tabora. Kazi yake ilikuwa kuosha na kufunga vidonda. Alikuja mara ya kwanza kwa baiskeli kutafuta asali, akaondoka na asali, na kuku, na matusi aliyompa kila mtu hapo nyumbani. Basi akawa wetu. Alimwambia Lugembe kwamba Wanyamwezi waliumbwa na mabega kwanza, kichwa kikaja kuongezwa baadaye ili mzigo upate pa kukaa. Lugembe akamjibu kwamba Wazaramo waliumbwa na mdomo, na Mungu akachoka hapo hapo. Walipendana wale watu, nakwambia. Sijaona ndugu wa tumbo moja waliopendana vile.

Mwaka mmoja, wakati wa kuvuna karanga, Mussa alifika mbio, uso umemwanguka, akamwambia mama mkwe wangu, Ng'washi, kwamba Lugembe ameteleza kwenye mti na amekufa. Tukaangua kilio. Majirani wakajaa, wanawake wakaanza kusonga ugali wa matanga. Lugembe akatokea na kibuyu cha asali begani, akauliza nani amefariki. Mussa alikuwa jikoni, anakula. Mama mkwe alimrushia mwiko, halafu akamwongezea mboga. Tulicheka hadi tukakaa chini, na habari ile ilisimuliwa mpaka Urambo.

Sasa lile donda. Siku moja Lugembe alikuwa anashuka kwenye mti, kisiki kikamchana muundi wa mguu. Kidogo tu, hata hakuja nyumbani mapema. Tukaosha kwa maji ya chumvi, tukapaka majani aliyoyajua mama mkwe. Likafunga, likafumuka. Likafunga tena, likafumuka kubwa zaidi, na sasa lilikuwa na kingo zilizosimama na harufu. Donda ndugu. Mama mkwe akasema tatizo si mguu, tatizo ni damu. Lugembe alipokuwa mtoto aliugua buba, ule ugonjwa wa vidonda mwili mzima, na kwa maneno ya mama mkwe, damu iliyowahi kuonja buba haisahau.

Hapo akaingia kaka yake Lugembe, Yoramu, aliyekuwa ametoka kukata mkonge Tanga na kurudi na viatu. Yoramu alimpenda mdogo wake, hilo nisije nikamnyima. Aliposikia neno damu alikwenda mjini, mtaa wa Kanyenye, akarudi na chupa. Juu yake palikuwa na karatasi yenye picha ya farasi mwekundu aliyesimama kwa miguu ya nyuma, na maneno mengi ya Kizungu. Hapakuwa na mtu nyumbani wa kuyasoma. Aliyeyasoma ni muuzaji, au alijifanya kuyasoma, naye alimweleza Yoramu hivi: dawa hii inasafisha damu. Damu ikisafishwa, uchafu lazima upate pa kutokea. Donda ni mlango. Mkiufunga mlango kabla nyumba haijafagiliwa, uchafu utageuka utarudi ndani, uingie kwenye ini na moyo, na mtu atakufa ghafla. Kwa hiyo msilipake kitu, msilizibe, na mkiona linatoka usaha mwingi, mshukuruni Mungu.

Sijapata kujua kama maneno hayo yaliandikwa kwenye karatasi au yalitoka kichwani mwa yule bwana. Lakini hebu yatazame. Dawa ya namna hiyo haishindwi. Ukipona, imekuponya. Ukioza, inakusafisha.

Basi Lugembe akaanza kunywa, kijiko asubuhi, mchana na jioni. Ilikuwa nyeusi, nzito, tamu mdomoni na chungu kooni. Na mwanzoni alichangamka kweli. Alikula, alilala, maumivu yakapungua. Yeye ambaye hakuwahi kuonja pombe tangu abatizwe alikaa uani mashavu yanang'aa, akiimba pambio na kuwasalimu kuku. Sasa najua ndani ya chupa ile mlikuwa na nini. Wakati ule tulisema damu imeanza kutakata.

Donda nalo likapanuka. Likawa kama kiganja, kisha likaanza kuzunguka mguu. Nilimwambia mama mkwe, "Mama, mbona linazidi?" Akasema, "Halizidi, linatoka." Nikamwambia Yoramu, akasema hata muuzaji alionya kwamba watu wenye haraka huharibu dawa. Kila ubaya ulioongezeka tuliuhesabu kuwa wema. Usaha ukiongezeka, tunamwambia Lugembe pole na hongera. Harufu ilipofika mpaka nje ya ua, majirani walisema, "Ehe, farasi anafanya kazi."

Ndipo Mussa akaja kutafuta asali. Alikuwa hajapita miezi mingi kwa sababu ya kazi. Aliegemeza baiskeli, akaziba pua kabla hata ya kuamkia, akasema, "Wanyamwezi, leo mmepika nini? Au mama mkwe amekufa hamjazika?" Ng'washi akamtukana vizuri, kwa furaha, maana alikuwa amemkumbuka sana. Lugembe alikuwa amekaa kwenye kigoda, mguu juu ya gogo. Mussa akautazama, akasema, "Mguu huu nigawie. Nina fisi nyumbani wanakataa ugali." Tukacheka. Lugembe alicheka kupita sisi sote.

Kisha Mussa akachuchumaa, akaondoa kitambaa tulichofunikia kuzuia nzi. Akabonyeza pembeni kwa kidole, akainamisha kichwa karibu kabisa kama mtu anayesikiliza mtungi. Akaomba kijiti, akakiosha kwa maji ya moto, akagusa katikati ya donda. Nilisikia mlio mdogo, wa kitu kikavu. Aliposimama hakuwa Mussa tuliyemzoea.

"Lugembe," alisema, "nenda hospitali leo. Leo hii. Mfupa umeshaguswa. Ukiendelea kukaa hapa utakatwa mguu, na ukizidi kukaa utakufa."

Uwanja mzima ulipasuka kwa kicheko. Naona hata sasa, Yoramu ameshika tumbo. Lugembe akasema, "Safari hii umeniua vizuri kuliko ile ya kwanza. Kaa, wanawake watakusongea ugali wa matanga."

"Sitanii."

Ndiyo tukazidi kucheka. Mtani gani asiyesema hatanii? Hilo ndilo neno lao la kwanza. Mussa akaapa kwa Mungu. Akaapa kwa Kurani. Akaapa kwa kaburi la mama yake, na jirani mmoja akamwuliza mama yake amezikwa na nani ikiwa Wazaramo wote wavivu. Kila alivyozidi kuapa, tulizidi kumwona amejua mchezo. Akaikamata ile chupa, akasema hii ni pombe na sukari na rangi, akaimwaga yote mchangani mbele yetu. Mtani ana ruhusa ya kumwaga kitu chako. Ng'washi alipiga makofi. Nilimtazama Mussa machoni nikaona machozi, na Lugembe naye aliyaona, akaniambia, "Mama Modest, tazama, leo mpaka machozi ameyaleta. Mpe kuku. Mpe jogoo, amestahili."

Nilimkamata jogoo, nikamfunga miguu, nikampa. Alimpokea. Alinitazama mimi peke yangu, akaniambia kwa sauti ya chini, "Shemeji, nakuomba." Nami nilikuwa bado nina kicheko usoni, kama mtu aliyetoka kula mafuta hajapangusa mdomo. Akapanda baiskeli akaenda.

Jioni hiyo nilikwenda kuteka maji, nikamkuta jogoo yule kwenye njia panda, bado amefungwa, amewekwa kivulini asidhurike na jua. Mtani hawezi kuacha kuku. Anaweza kuacha mke, kuku hamwachi. Nilirudi naye nikamwambia Lugembe, "Mzaramo ameacha jogoo." Lugembe akasema, "Anataka tumfuge, akirudi achukue wawili." Yoramu alikuwa amekwisha kujifunga kiatu kwenda Kanyenye kuleta chupa nyingine. Nilisema tena, nikasema kwa nguvu, mpaka mama mkwe akaniuliza kama nimeolewa na mwanawe au na mtani. Nikanyamaza, maana nilikuwa na hasira na mwanamke mwenye hasira hapewi sikio.

Kumbe Mussa hakurudi mjini moja kwa moja. Alipita kwa jumbe, akamweleza, akamwomba atoe amri mgonjwa apelekwe. Jumbe, Mnyamwezi vilevile, alimkaribisha pombe na kumwuliza safari hii anataka kula matanga ya nani. Mussa akaelewa kwamba toka Ulyankulu mpaka Tabora hakuna sikio litakalompokea. Ilimbidi atafute mdomo mwingine. Na mvua zikaingia, mto ukajaa, njia ikakatika.

Mdomo ule ulikuwa wa Jilala, Msukuma wa Nzega, dresa mwenzake, mtu mpole asiyekuwa na habari nyingi. Wasukuma na sisi ni ndugu, hatuna mchezo wa namna ile. Alifika amelowa mpaka kiunoni, akamwamkia mama mkwe shikamoo, akaitikiwa marahaba, akapewa kigoda. Akaomba kuona mguu. Lugembe wakati huo hakuwa anaimba tena. Homa ilikuwa inampanda na kumshuka, na kidole kikubwa kilikuwa kimegeuka rangi. Jilala alitazama, akasema, "Mfupa umeshaguswa. Aende hospitali leo hii. Akikaa hapa atakufa."

Hakuna aliyecheka. Mama mkwe alishika kichwa. Yoramu aliinuka palepale akaanza kukata miti ya machela, na wanaume wanne wakajitokeza bila kuitwa. Maneno yalikuwa yale yale, nakwambia, neno kwa neno. Nilimwuliza Jilala nani amemtuma, akasema Mussa. Nikakaa chini kwenye tope.

Kuna watu wakifika hapa hunitolea methali ya asiyesikia la mkuu. Nawaambia wanyamaze. Mkuu gani? Angekuwa mkuu tungemsikia siku ile ile, tena kwa kuinama. Alikuwa rafiki, na rafiki wa namna ile tulikuwa tumemwekea mahali pake, mahali pazuri, ila hapakuwa na njia ya kutokea.

Tukafika hospitali. Walikata juu ya goti. Mussa ndiye aliyemfunga bendeji kila asubuhi muda wote tuliokaa pale, kwa mikono myepesi kabisa, hamwumizi. Alimwuliza kama amelala, kama amekula, basi, bila utani wowote. Nami nilidhani ni ukali wa hospitali, kwamba pale hakuna ruhusa ya mzaha. Lugembe alidhani hivyo hivyo. Aliniambia, "Ngoja turudi nyumbani, utamsikia. Atasema sasa mimi ni nusu Mnyamwezi, nilipe nusu kodi." Alikuwa anayaandaa na majibu yake mapema. Yalikuwa yanamsaidia kulala.

Tukarudi. Yoramu alikaa siku chache, akashindwa kula pamoja na mdogo wake, akarudi Tanga na hatukumwona tena miaka mingi. Ng'washi alizeeka mvua moja. Alikuwa akikaa tu, ghafla anasema, "Lakini tulimpenda," kana kwamba kuna mtu amembishia. Mizinga ilibaki huko juu. Nilimwomba mtu mwingine akairine, Lugembe akakataa, kisha akakubali, kisha asali ilipoletwa hakuionja.

Mussa akaja baada ya masika, njia ilipokauka. Lugembe alimwona kwa mbali, akaniambia nimsogezee magongo yake, akasimama, akajinyoosha. Sijamwona amefurahi vile tangu siku alizokuwa anapanda. Akapaza sauti, "Mzaramo, huo mmoja ulishakula, umekuja kuchukua na huu?"

Mussa alishuka kwenye baiskeli nje ya ua. Alibisha hodi. Alikuwa hajawahi kubisha hodi kwetu hata siku moja. Akasema, "Hodi wenyewe. Shikamoo, mama." Ng'washi alimtazama, kisha akasema marahaba polepole. Nikampa kigoda, akashukuru. Akamwuliza Lugembe kama kovu linauma wakati wa baridi.

"Acha kovu," Lugembe alisema. "Nitukane."

"Nimekuja kukujulia hali, bwana Lugembe."

"Bwana nani? Nitukane, Mussa. Mwite huyu mama fisi. Chukua kuku, wamejaa hapo." Sauti yake ilikuwa bado ya mzaha. "Mguu wamenikata, sawa. Na wewe unataka kwenda?"

Mussa alitazama mikono yake. Nilimwona anatafuta neno, midomo ikafunguka, na nikaomba kimoyomoyo litoke, tusi lolote, hata la kipuuzi. Halikutoka. Akasema, "Sikiliza. Mimi kazi yangu ni vidonda. Una watoto, una mama, una mke. Siku moja nitakuja hapa tena na habari ya mtu wako. Nikianza kukutania leo, siku hiyo utajuaje?"

Lugembe, mwenye jibu la kila kitu, aliweka magongo chini, akakaa. Hospitali hakulia, hata siku bendeji ilipofunguliwa mara ya kwanza akaona pale panapoishia. Pale uani alilia, mbele ya mama yake na mbele ya watoto, na Mussa akalia naye, kila mtu kwenye kigoda chake.

Niliingia jikoni nikasonga ugali. Nilipoleta chakula nilimnawisha Mussa mikono kwanza, kama tunavyomfanyia mgeni, akasema ahsante. Wakala wakizungumza habari za mvua.